Nani Anamngoja Nani

Hapa Mukuru kwa Reuben stima haipigi hodi ikija wala haiagi ikienda. Inaweza kukaa asubuhi yote, ipotee saa saba mchana, irudi saa nane, iyumbe mara mbili, kisha itulie kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikirudi, balbu inawaka papo hapo. Redio ya kinyozi inaendelea na wimbo. Kisiagi kinanguruma. Ni kompyuta za saiba tu ambazo bado haziko tayari: skrini nyeusi, maandishi meupe, kaduara kanazunguka, na mteja ameketi mbele yake na kitambulisho mkononi akiuliza, "Boss, dakika zangu zimeanza kuhesabiwa?"

Nimetengeneza kompyuta mtaani humu kwa miaka kadhaa na swali hilo nimelisikia kuliko nilivyosikia jina langu. Jibu fupi ni hapana, saa inaanza ukishaingia. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka thelathini, na kusema kweli ni historia ya foleni: nani anamngoja nani, nani alipanga foleni hiyo, na alikuwa akimfikiria nani alipoipanga.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotokea. Ukibonyeza swichi, programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu inaamka, inakagua kumbukumbu, inatafuta diski, kisha inapakia kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Sasa kerneli ni kama meneja mpya aliyefika kiwandani usiku: jengo ni lake lakini hajui mashine ziko wapi. Ili aongee na diski anahitaji draiva ya diski. Kibodi ina draiva yake, skrini yake, kadi ya mtandao yake, na kila tundu la USB lina msimamizi wake. Hata jina lenyewe ni dereva tu, dere kama yule wa matatu. Gari linaweza kuwa zima na tenki limejaa, lakini bila dere abiria watakaa stage mpaka jioni.

Kazi ya kwanza ya draiva ni kuamsha kifaa chake. Inakipa amri ya kuanza upya, inakiuliza wewe ni nani, halafu inangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo penye hadithi. Diski ya kuzunguka ni sahani ya chuma, na mota yake inahitaji sekunde kadhaa kushika kasi. Ukichomeka kitu kwenye USB, kerneli hungoja kama sehemu ya kumi ya sekunde ili mguso utulie kabla ya kuamini kwamba kweli kuna kitu. Kwetu sisi sehemu ya kumi ya sekunde si kitu. Kwa prosesa inayofanya mamilioni ya hesabu ndani ya muda huo, ni kama kukaa kwa benchi tangu asubuhi.

Kwa miaka mingi kerneli ya Linux iliamsha vifaa hivyo mmoja baada ya mwingine. Orodha ya kazi za kuanza ilikuwa imepangwa kwa madaraja, na ndani ya kila daraja kazi ya pili haikuanza mpaka ya kwanza iseme nimemaliza. Tuseme diski inataka sekunde 3, USB sekunde 2, mtandao sekunde 1. Unangoja sekunde 6, ingawa muda karibu wote huo prosesa imekaa bure, macho juu, ikingoja chuma kizunguke.

*

Mtu anaweza kuuliza, kwani hao wahandisi hawakuona? Waliona. Ila haikuwauma.

Linus Torvalds alitoa Linux ya kwanza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Mfumo huo ulikulia kwenye vyuo vikuu na kwenye vyumba vya seva, na watu wa seva wana fahari yao: huhesabu siku ambazo mashine imekaa bila kuzimwa, na siku 400 ni jambo la kutamba. Kwa mtu kama huyo, dakika mbili za kuwaka ni dakika mbili kwa mwaka. Foleni ndefu yenye utaratibu ilikuwa na faida kubwa kwake, kwa sababu mambo yalitokea kwa mpangilio ule ule kila mara. Kitu kikiharibika unajua kimeharibika wapi.

Chini ya foleni hiyo kulikuwa na dhana ambayo hakuna aliyeiandika popote: kwamba stima ipo. Kwamba mashine huzimwa na mwenyewe, kwa heshima, baada ya kufunga kila kitu.

Huku kwetu dhana hiyo ilivunjika hadharani. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulishusha maji kwenye mabwawa ya Tana na Kenya ikaingia kwenye mgao wa umeme. Mashine ikikatwa stima katikati ya kuandika, ikiwaka tena ilibidi ikague diski nzima, sehemu kwa sehemu, kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuingia. Kadiri diski ilivyokuwa kubwa ndivyo ukaguzi ulivyokuwa mrefu, na kwenye diski kubwa ungeweza kwenda kunywa chai na mandazi ukarudi. Dawa yake kwa upande wa Linux ilikuwa ext3, mfumo wa mafaili uliotengenezwa na Stephen Tweedie na ukaingizwa kwenye kerneli Novemba 2001. Ext3 huweka daftari dogo la kazi inayotaka kufanya kabla ya kuifanya. Stima ikikatika, mashine inasoma daftari tu badala ya kupekua nyumba nzima. Windows ya ofisini ilikuwa na daftari la namna hiyo tangu NTFS ya mwaka 1993.

Nalitaja hilo la daftari kwa sababu ndilo tukio la kwanza katika historia hii ambapo mtu anayekatiwa stima alisaidika kweli. Lakini hakuna aliyekaa chini akamfikiria mtu wa Nairobi. Shida ilikuwa ya wenye seva: diski zilikuwa kubwa mno na ukaguzi ulikuwa unawagharimu wao. Sisi tulipata afueni kwa sababu tatizo letu lilifanana na lao. Weka hilo akilini, litarudi.

*

Watu walianza kuhesabu sekunde kwa dhati baada ya mtu kuchora picha. Novemba 2004 Owen Taylor wa Red Hat aliwatupia wenzake changamoto: chora mchoro mmoja unaoonyesha kila kitu kinachotokea mashine inapowaka. Ziga Mahkovec akajibu kwa programu aliyoiita Bootchart. Mchoro wake ulionyesha kila kazi kama mstari, muda ukienda kulia, na juu kabisa ulionyesha prosesa na diski vikifanya kazi au vikipumzika. Ghafla kila mtu aliona yale mapengo. Mashine ilikuwa hailemewi na kazi. Ilikuwa inangoja.

Mwaka 2006 Ubuntu ikaleta Upstart ya Scott James Remnant, ambayo ilianzisha huduma kulingana na matukio badala ya orodha iliyogandishwa. Tukumbuke Ubuntu ni mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni utu wetu ule ule kwa lugha nyingine ya Kibantu. Mpaka mwaka 2011 ungeweza kuomba sidii zake wakakutumia kwa posta bila malipo. Kwa mtu asiye na intaneti ya kushusha mfumo mzima, sidii hiyo ilikuwa mlango.

Kisha ikaja Septemba 2008. Katika mkutano wa Linux Plumbers mjini Portland, Marekani, wahandisi wawili wa Intel, Arjan van de Ven na Auke Kok, walileta kilaptopu cha Asus kiitwacho Eee PC. Kilikuwa kidogo na cha bei nafuu, kikitumia diski isiyozunguka. Fedora ya kawaida ilichukua sekunde 45 kufika mahali pa kuingilia kwenye mashine hiyo. Ya kwao ilifika kwenye dawati tayari kwa kazi ndani ya sekunde 5.

Kilichonivutia ni njia yao. Hawakuuliza tunaweza kupunguza kiasi gani. Walianza na bajeti, kama mama anayeingia sokoni na mia mbili na anajua haiongezeki: sekunde 1 ya kerneli, sekunde 1 ya huduma za mwanzo, sekunde 1 ya mfumo wa picha, sekunde 2 za dawati. Kitu kisichotoshea ndani ya bajeti kinabaki nje au kinatengenezwa upya. Walipochimba walikuta maajabu. Mfumo wa picha, kwa mfano, ulikuwa ukitengeneza upya ramani ya kibodi kila mara mashine inapowaka, kana kwamba vitufe vilihama usiku.

Kwenye sekunde 1 ya kerneli hapakuwa na nafasi ya foleni ya zamani. Ndipo ikaja kazi ya Van de Ven iliyoingia katika kerneli 2.6.29, Machi 2009: njia ya kuita kazi bila kungojana. Na hapa sihitaji mfano kutoka mbali.

Nenda kwenye kioski cha maji humu Kwa Reuben siku ambayo mifereji imekauka kwingine. Utaona mstari wa mitungi ya lita ishirini, na watu wachache sana. Mtungi wako unashika nafasi yako. Wewe umeenda kuinjika sufuria, kufua, kumpeleka mtoto shule. Zamu ikikaribia mtu anapaza sauti, "Mathe wa mtungi wa njano!" Ukifika, unateka. Mpangilio haukuvunjika, ila hakuna aliyepoteza asubuhi yake akiangalia maji yakidondoka kwenye mtungi wa jirani.

Kerneli ilijifunza kitu hicho hicho. Draiva yenye kazi ya kungoja inaikabidhi kazi hiyo pembeni na kupewa namba, na namba hizo hupanda kwa mpangilio. Kerneli inaendelea na mambo mengine. Atakayehitaji kuwa na uhakika kwamba waliomtangulia wamemaliza anasimama mahali pamoja na kusema, nitangoja mpaka namba zote zilizo chini ya yangu ziwe zimekamilika. Kwa hiyo diski mbili zinaweza kuamka kwa pamoja, lakini ya kwanza ikaitwa sda na ya pili sdb kama zamani. Zile sekunde 3, 2 na 1 hazijumlishwi tena. Unangoja ile ndefu kuliko zote, sekunde 3, basi.

Haikwenda laini. Ulipoondoa foleni, uligundua kuna draiva zilizokuwa zikimtegemea jirani bila kumwambia mtu. Zilifanya kazi miaka yote kwa sababu tu jirani huyo aliwahi kusimama mbele yao. Ndiyo maana katika 2.6.29 njia hiyo mpya ilizimwa kwa kawaida, na aliyeitaka alilazimika kuandika neno "fastboot" kwenye mstari wa kuwasha. Toleo lililofuata, 2.6.30 la Juni 2009, likaiwasha kwa wote.

Juni hiyo hiyo waya wa TEAMS wa chini ya bahari ulikuwa unafika Mombasa, na Julai SEACOM ikaanza kazi. Kenya nzima ilikuwa ikiongea kuhusu kuacha setilaiti na kungoja kurasa zifunguke. Huku kungoja kwingine, kwa ndani ya mashine, hakuna aliyekupigia vigelegele.

*

Sasa swali la mtu wa Kwa Reuben: hayo yote yalinifikia lini?

Kompyuta za saiba hapa huwa haziji zikiwa mpya. Ni ex-UK, kama tunavyoita, mashine zilizomaliza kazi ofisini huko nje, zikapakiwa kwenye kontena, zikauzwa Luthuli Avenue na mitaa ya karibu. Mengine yalipitia miradi kama Computers for Schools Kenya, iliyoanza mwaka 2002 na kusafisha mashine za mitumba kwa ajili ya shule. Kitu kikivumbuliwa Portland leo, kinaingia kwenye kompyuta ya kampuni baada ya mwaka au miwili, kinatumika miaka minne au mitano, ndipo kinakuja kwetu. Mavazi tumezoea kuvaa yaliyovaliwa. Na muda pia tunaupokea hivyo hivyo. Kwa miaka kadhaa baada ya 2009, mashine iliyowaka polepole kuliko zote Nairobi ilikuwa ikihudumia mtu anayekatiwa stima mara nyingi kuliko wote.

Simu ndiyo iliyokatiza njia hiyo. Mwaka 2011 Safaricom ilileta Huawei IDEOS kwa karibu shilingi 8,000, na ndani yake kulikuwa na Android 2.2, na ndani ya Android kulikuwa na kerneli ya Linux, 2.6.32. Mhudumu wa boda boda aliyenunua ile simu alikuwa amebeba mfukoni kerneli mpya kuliko iliyokuwa kwenye kompyuta nyingi za saiba. Hakujua, na hakuhitaji kujua. Android yenyewe iliongeza mizigo yake juu, kwa hiyo sisemi ile simu iliwaka haraka. Nasema tu kwamba kwa mara ya kwanza kiini cha mashine kilifika mtaani kabla hakijachakaa.

Simu zilibadilisha pia tatizo lenyewe. Ndani ya simu vifaa vinategemeana kama jamaa wa plot moja: kamera haiwaki mpaka kidhibiti cha umeme kiwake, nacho hakiwaki mpaka saa ya ndani ianze kupiga. Ni vigumu kuandika foleni moja itakayofaa kila simu. Mwaka 2012, katika kerneli 3.4, Grant Likely aliingiza jibu la adabu ambalo draiva inaweza kutoa: ninayemtegemea hajafika, niite baadaye. Kerneli inaiweka pembeni na kurudi tena. Mtu yeyote aliyewahi kufuata barua kwenye ofisi ya serikali anajua "njoo baadaye" ni nini. Tofauti ni kwamba kerneli hurudi kweli.

Halafu ukatokea ugomvi. Kuanzia 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walikuwa wameanzisha systemd, ambayo ilichukua wazo la kutongojana na kulipeleka kwenye huduma zote za juu ya kerneli. Sehemu yake inayosimamia vifaa ilikuwa na kikomo: kazi ikizidi sekunde 30, inauawa. Ilionekana ni busara, maana ni kitu gani halali kinahitaji zaidi ya sekunde 30? Kumbe kuna kadi kubwa za mtandao na za diski kwenye seva ambazo draiva zake huchukua muda huo na zaidi. Zikawa zinauawa katikati ya kuamka. Mwaka 2014 Luis Rodriguez, akiwa SUSE, alilivalia njuga suala hilo, na Dmitry Torokhov wa Google, aliyekuwa na haja yake mwenyewe ya laptopu za Chromebook kuwaka haraka, akaleta suluhisho lililoingia kerneli 4.2 ya Agosti 2015. Tangu hapo draiva inaweza kutangaza yenyewe: mimi sina neno, niamshe pembeni, usinisubiri.

Neno la kuangalia hapo ni "kutangaza". Kwa nini draiva zote zisiamshwe pembeni tu, mambo yaishe? Kwa sababu kuna programu nyingi huko juu zilizozoea mpangilio wa zamani. Kuna mtu aliandika kwamba data yake iko sdb. Kuna mwingine aliandika kwamba mtandao wake ni eth0. Ukiamsha wote kwa mpigo, leo huyu anafika kwanza, kesho yule, na majina yanabadilishana. Nimeona fleshi iliyosahauliwa kwenye USB ikichukua jina la diski, na mashine ikakataa kuwaka kabisa. Mafundi siku hizi tunaandika namba ya kipekee ya diski badala ya jina la foleni, na tatizo linakwisha. Lakini lazima mtu afanye kazi hiyo. Kuondoa foleni kunahitaji kila mtu aseme waziwazi anamtegemea nani. Foleni ndefu mara nyingi ni utegemezi ambao hakuna aliyejisumbua kuutaja.

*

Kompyuta nyingi za mtaani zinatumia Windows, kwa hivyo siwezi kumwacha msomaji akidhani mambo ni Linux peke yake. Mwaka 2008 watu wa Microsoft waliokuwa wakitengeneza Windows 7 walieleza kwamba kwao mashine nzuri sana ni inayowaka chini ya sekunde 15, na kwamba njia moja waliyotumia ilikuwa kuanzisha draiva nyingi kwa wakati mmoja. Wazo ni lile lile.

Mwaka 2012 Windows 8 ikaja na ujanja tofauti. Ukizima mashine, Windows haisahau kila kitu. Inahifadhi hali ya kerneli na draiva kwenye diski, na kesho yake inairudisha kama ilivyokuwa, bila kuamsha kila kifaa upya. Ni ujanja mzuri na unafanya kazi, kwa sharti moja: uwe umezima mwenyewe. Stima ikikatika ghafla hakuna kilichohifadhiwa. Mashine inarudi kwenye njia ndefu, hatua kwa hatua, siku ile ile uliyohitaji njia fupi.

Hapa ndipo napoona tofauti ya kweli kati ya njia hizi mbili. Kuhifadhi usingizi kunamsaidia aliyelala vizuri. Kuamsha vifaa bila kungojana kunamsaidia hata aliyeamshwa kwa kupigwa teke. Njia ya kwanza inaamini stima. Ya pili haina haja ya kuiamini.

Na stima yetu ina visa vyake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikazima. Mashine nyingine zikalemewa, nazo zikazima moja baada ya nyingine, na nchi nzima ikakaa gizani zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Mchana huo, kila kompyuta ya Kenya isiyokuwa na betri ya akiba au jenereta iliwaka kutoka sifuri, za ofisi za mjini na za saiba za Kwa Reuben sawasawa. Kwa wenye ofisi za mjini lilikuwa tukio la kusimulia. Huku ilikuwa Jumanne.

Tangu wakati huo serikali imehamia ndani ya skrini. Ritani za kodi zinawasilishwa kwenye iTax, na siku ya mwisho ni 30 Juni. Tarehe hiyo hiyo mwaka 2023 serikali ilizindua huduma 5,000 kwenye eCitizen. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha polisi, mkopo wa chuo, nafasi ya chuo: vyote vinaanzia kwenye kibodi. Kwa mtu asiye na laptopu, dirisha la serikali ni kompyuta namba tatu kwenye saiba ya mabati. Stima ikikatika akiwa ukurasa wa nne wa fomu, anapoteza fomu kwanza, kisha anangoja stima, kisha anangoja mashine, kisha anaanza upya. Kama ni kijana wa kibarua aliyeomba ruhusa ya saa moja kutoka kiwandani Industrial Area, saa hiyo imeisha. Mwenye saiba naye anakula hasara ya zile dakika ambazo mashine inawaka na hakuna anayelipa. Hakuna mwizi hapo. Kuna muda tu umepotea kati ya watu wawili ambao hawana wa kupoteza.

Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na uchunguzi uliofanywa kwa ajili hiyo ulionyesha jambo ambalo wakazi walilijua: watu wa Mukuru hulipia maji na stima bei ya juu kuliko mitaa rasmi, kwa huduma mbaya zaidi. Watafiti waliita hiyo adhabu ya umaskini. Mimi ningeongeza muda kwenye hesabu hiyo. Sekunde ni ndogo, lakini anayewasha mara moja kwa siku na anayewasha mara sita hawalipi sawa kwa foleni ile ile.

Ndiyo maana sipendi historia hii isimuliwe kama hadithi ya wajanja wa Portland na kasi. Foleni ya zamani haikuwa ujinga. Ilikuwa sahihi kwa watu iliyowahesabu. Ilibadilika pale watu wapya walipohesabiwa: wanunuzi wa laptopu ndogo, wanunuzi wa simu, wanunuzi wa Chromebook. Mteja wa saiba ya Kwa Reuben hakuwa kwenye bajeti ya nani yeyote, ila amefaidika, kama alivyofaidika na lile daftari la mwaka 2001. Bahati ya namna hiyo ni njema, lakini huwezi kuipangia maisha.

Siku hizi nikiletewa mashine ya Linux inayolalamikiwa kuwa nzito, ninaandika amri moja, systemd-analyze blame. Neno la mwisho ni Kiingereza cha lawama. Inatoa orodha ya kila kilichochelewesha kuwaka, mkosaji mkubwa juu, na sekunde zake pembeni. Mara nyingi mkosaji si draiva tena. Ni huduma ya mtandao inayongoja muunganisho ambao haupo, au ni diski ya kuzunguka iliyochoka, nayo ukiibadilisha kwa SSD, hata ya mitumba, unapata zaidi ya kile ambacho kerneli yoyote mpya ingekupa. Mwenye mashine huinama kusoma nami, na huwa anaridhika kuona jina la mkosaji. Orodha hiyo huanza kuhesabu mashine ikishapata stima. Yale masaa ya kabla ya hapo hayamo.